Spika ya Mumbere

Mzee Eridadi alipokata roho aliacha nyumba moja ya matofali mjini Bwera, spika moja aliyoiunda kwa mikono yake, na wana wawili wanaoitwa Mumbere. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa Wakonzo mtoto wa kwanza wa kiume ni Mumbere, na kila mama huhesabu wa tumbo lake. Semu, mwana wa marehemu Erina wa Rukoki, alikuwa Mumbere. Jonan, mwana wa Anastasie ambaye mzee alimtoa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, naye alikuwa Mumbere. Pumzi ilipokuwa inamwishia, mzee hakutaja Semu wala Jonan. Alisema, "Ile spika nilimtengenezea Mumbere. Huyo ndiye akae katika nyumba hii." Kisha akafa, kama mtu aliyefunga mlango akaenda zake na ufunguo.

Ketura, mke wa Semu, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alimfumba mkwewe macho huku akimtukana moyoni. Alikuwa na diploma ya umeme, kibanda cha kutengeneza redio Kasese mjini, na watoto wanne waliolala naye katika chumba kimoja cha kupanga, na Patience, wa kwanza, alikuwa ameshavunja ungo, faragha yake ikiwa pazia tu. Nyumba ya Bwera ilikuwa na vyumba vitano, na mlango wa mbele ulitazama barabara ya kwenda mpakani Mpondwe, malori yakipita kutwa. Mwenye akili angeweka duka pale. Aliyekuwa akikaa pale ni Anastasie, na alichouza ni ndizi za kuchoma.

Ukoo ulipokaa, Anastasie aliomba kusema.

"Mi niko na ushahidi. Siku Jonan alizaliwa, mzee alikata mbeleko yangu na mukasi, mi naangalia. Kitenge ya manjano, iko na samaki ya bulu. Akaipigilia ndani ya spika na misumari. Akasema, mutoto akilia, sauti ya baba yake itoke mu kitenge yake. Mufungue, mutaona."

"Samaki wa kitenge!" akadakia Medius, dada yake Semu. "Leo samaki watakuja kutoa ushahidi! Tuwaite na kambale?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Yowasi, mdogo wa marehemu, akagonga sakafu kwa fimbo. "Nyamazeni! Mbao za spika ile marehemu alizitoa mgodini Kilembe, kabla hajamjua huyu mama. Mimi nilimbebea. Lakini mbao si spika. Huenda zilikaa miaka kabla hajaziunda. Kitambaa kikiwamo, nyumba ni ya Jonan. Kisipokuwamo, ni ya Semu."

Ikabaki nani aifungue. Sanduku la spika lilikuwa limegandishwa gundi pande zote. Ukilipiga shoka umeliua, na spika yenyewe ilikuwa bubu miaka mingi. Ndipo Jonan mwenyewe aliposimama.

"Apewe shemeji Ketura. Aifungue, aitengeneze, siku ya kumaliza matanga tuione ndani na tuisikie. Najua ni mke wa Semu. Lakini huyu shemeji ana mdomo mbaya usiojua kupinda. Mbele ya wakwe zangu alisema mimi ni mvivu."

"Na ni kweli," Ketura akasema.

"Mwaona?"

Wakacheka, wakakubali. Watu ndivyo walivyo: mtu akiwaambia maneno makali, huamini kuwa ni mkweli. Hawakumbuki kwamba pilipili haisafishi mboga iliyooza.

Kibandani, Ketura alifanya kazi yake kama anavyofanya kila kazi, bila kusikitika na bila kulipua. Aliloweka vitambaa katika maji ya moto akavibana kwenye maungio ya sanduku mpaka gundi ya zamani ikalegea, akapitisha kisu chembamba, na ubao wa nyuma ukatoka mzima. Mbao zilikuwa za Kilembe kweli, zenye chapa ya mgodi. Spika yenyewe ilikuwa ya redio kubwa ya mezani, ile ya enzi za kupasha moto kwanza ndipo iseme. Panya walikuwa wametafuna ukingo wa koni, ile karatasi inayotikisika kutoa sauti, nayo ilikuwa na ufa.

Na nyuma ya koni, kimekunjwa mara nne na kupigiliwa misumari midogo kwa usawa wa kupendeza, kulikuwa na kitenge cha manjano. Samaki wa buluu walimtazama Ketura.

Aliketi. Alijua maana yake, hakuhitaji kuambiwa. Mzee hakuwa na mashine wala kitabu. Alichukua kitambaa cha mbeleko ya mwanawe akakitumia kuzuia mwangwi wa sanduku, na kazi ilikuwa nzuri. Fundi yeyote angemvulia kofia.

Ketura alifikiri juu ya Patience na pazia lake. Alifikiri pia juu ya Anastasie, kwa sababu hakuwa jiwe. Njia ya Butembo ilipita Beni, na habari za Beni mwaka ule zilikuwa za mapanga. Akampima mama yule, akawapima watoto wanne, mzani ukalala upande wake. Ketura hakumwambia Semu. Semu alikuwa na moyo wa maziwa. Angekwenda kulia kwa Jonan kabla chai haijapoa.

Aling'oa misumari. Matundu aliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, akayapaka chai nzito yafanane na ubao. Kitenge alikitia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha zamani, hakikuungua haraka. Alikisukuma kwa kijiti.

Baada ya hapo akaendelea na ufundi. Alibandika karatasi laini juu ya ufa, akaunga ukingo, akachomekea vipande vyembamba vya filamu ya picha kuizunguka koili ya waya iliyo katikati ili isikwaruze sumaku mpaka gundi ikauke. Aligusisha betri ya tochi kwenye nyaya: koni ikaruka, ikatoa mlio mmoja wa afya. Mwisho, mahali pa kitenge, akajaza sanduku pamba nyeupe ya mashamba ya Kitswamba.

Siku ya kumaliza matanga aliufungua ubao wa nyuma mbele ya wote. Yowasi akainama, akatia mkono, akatoa konzi ya pamba. Jonan akainama vilevile. Alikaa ameinama muda mrefu.

Ketura akafunga, akaunganisha redio, na wimbo wa kwaya ukajaa ua mzima, safi kama maji ya mlimani. Wazee walipiga makofi. Anastasie peke yake alitikisa kichwa.

"Hii haiko yeye. Sauti ya mzee ilikuwa nzito, ya chini. Hii imekuwa muzuri sana." Akamgeukia Ketura. "Mwanangu, weye ulifungua. Hukuona kitu?"

"Mama, nimeona pamba na mavi ya panya. Ulitaka niseme nimeona malaika?"

Ua ukavunjika kwa kicheko. Medius alicheka mpaka akashika mbavu. Anastasie alimtazama Ketura usoni kwa makini, na Ketura hakuyakwepa macho yake, kwa kuwa mwenye kukwepa ndiye mwenye kukamatwa.

Yowasi akakata shauri. Nyumba ni ya Semu.

Walipokuja kuhamia, Anastasie alikuwa anatoa godoro lake mwenyewe mlangoni, amejifunga kamba kiunoni. Jonan alisimama kando, mikono mfukoni.

"Msaidie mama yako," Ketura akamwambia.

"Abebe mwenyewe. Avuke nalo Mpondwe, arudi kwao. Mimi nakwenda kutafuta kibarua cha kupakia malori." Akamshika Ketura mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, asante. Tangu utoto ananiambia mimi ndiye Mumbere wa spika. Nimekula uongo wake kama ugali. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kweli."

Anastasie alisikia. Aliinua godoro kichwani, akaanza kushuka barabarani bila kugeuka.

Ketura alifungua mdomo. Jonan alisubiri, bado amemshika mkono.

"Niachie," Ketura akasema. "Mvua inashuka mlimani, na vyombo vyangu viko nje."