Kisoma Kadi cha Endarasha

Jumatatu moja ya Machi 1997, saa nne asubuhi, fundi Mwirigi alifungua kwa bisibisi kompyuta ya kampuni ya mashamba ya Endarasha, akachomeka ndani yake bodi ya kisoma kadi. Kifaa hicho alikuwa amekileta kutoka Nanyuki kwenye kikapu, kimefungwa kwa gazeti. Alifunika kompyuta, akaiwasha, akatia disketi. Kipanya kikafa.

"Imekataa?" aliuliza Kagure, karani.

"Hapana. Kipanya na kisoma kadi wanataka laini moja. Ni kama wake wawili na jiko moja."

Alifungua tena, akang'oa kwenye bodi kipini cheusi cha kuchagulia laini, kidogo kama punje ya mchele, akakihamishia matundu ya pili. Sasa kipanya kilitembea lakini kisoma kadi hakikuonekana. Matundu ya tatu, kompyuta haikuwaka kabisa. Matundu ya nne, vyote viwili vikafanya kazi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Wanachama walikuwa wamengoja nje tangu asubuhi. Miaka ishirini na mitatu kabla ya hapo walikuwa wamechanga, wakanunua shamba la mzungu, wakaokota namba za ploti kutoka kwa kofia. Kila mmoja alilima namba yake, lakini hati hazikutoka. Sasa mwenyekiti, Wamae, alisema kompyuta ingezitoa. Kadi ya mwanachama ikipitishwa, jina na ploti vingetokea, na hati ingeandikwa.

Wa kwanza alikuwa Wangechi, bibi kizee mjane wa namba 118, ekari mbili na nusu za viazi. Kagure akapitisha kadi yake. Skrini ikaandika: Hakuna ploti.

"Ngoja nipanguse, cucu. Pengine ni mafuta ya chapati."

Akapitisha mara tatu. Hakuna ploti.

"Tujaribu ya mtu mwingine," Mwirigi akasema, "tujue kama ni mashine."

Wamae akatoa yake. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Skrini ikaandika ploti thelathini na moja kwa jina lake, na 118 ilikuwa hapo katikati. Kisha udongo ukaanza kutoka kwenye mwanya wa kisoma kadi, kwanza polepole kama unga wa kinu, halafu kwa nguvu. Mwirigi akasogeza kibodi. Kagure akaleta ufagio. Ulitoka mweusi wa bondeni, ukafuata mwekundu wa mlimani, kisha wa changarawe. Wanachama waliingia, wakachota kwa viganja na kunusa.

"Hii changarawe ni yangu," mzee mmoja akasema. "Imenivunjia majembe manne."

Wangechi akachutama, akatoa kwenye rundo kiazi kilichopakwa majivu. Alikuwa amekipanda Jumamosi.

"Wamae, hii ni mbegu yangu. Inatafuta nini kwa kadi yako?"

"Mashine inafanya kazi," Wamae akasema, akamtilia Mwirigi sahihi kwenye risiti ya kazi. "Mkiwa na malalamiko, leteni kwa mkutano mkuu."

"Na mkutano mkuu unaitwa na nani?" Wangechi akauliza.

"Na mimi."

Mwirigi akashauri kifaa kifunikwe kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, akashika njia ya Nanyuki.

Udongo ulitoka wiki tisa, siku za kazi tu, na saa ya chakula ulisimama. Kagure alipanga foleni kwa namba. Watu walikuja na magunia na mikokoteni ya punda, na hakuna aliyegombana, kwa maana kila mtu aliujua wake. Hati nazo zilitoka, thelathini na moja, zote kwa jina la Wamae.

Mwezi wa tano namba 118 ilikuwa mwamba mtupu. Mwenye malori mmoja wa Sagana alikuja, akaugonga kwa nyundo, akasema ni mawe mazuri ya kujenga. Aliinunua kwa bei kubwa kuliko ya shamba. Wamae akatia sahihi.

Wangechi alikuwa na magunia elfu mbili na mia nne. Aliyapanga kando ya barabara, kwa sababu kwenye ploti alikatazwa kukanyaga. Kagure akamfuata huko na karatasi ya kuthibitisha kwamba amepokea.

"Umepata udongo wako wote, cucu. Hakuna kitu imepotea."

"Ni kweli," Wangechi akasema, akaweka kidole gumba. "Sasa nionyeshe mahali nitaumwaga."

Kagure akaitazama karatasi mbele na nyuma. Haikuwa na nafasi ya kujaza hilo.