Injini Isiyotakiwa Kuamka

Kama kulikuwa na mtu mjini asiyejua kwamba mpima macho amenunua gari jipya, basi mtu huyo macho yake yalikuwa mazima na hajawahi kukanyaga kliniki. Waliofika wote waliambiwa. Mgonjwa akishaweka kidevu kwenye mashine, akaamriwa asitikisike wala asiongee, hapo ndipo mpima macho alipomshushia habari nzima: kwamba gari ni haibridi ya kuchomeka, kwamba linachajiwa ukutani kama simu, na kwamba mizunguko yote ya mjini linakwenda kwa betri, kimya, injini ya petroli imelala fofofo. Wenzake kazini wakambandika jina la Bwana Chaji. Alijifanya kulichukia.

Jambo ambalo hakuwasimulia wagonjwa lilikuwa la hita. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, betri ikiwa imejaa pomoni, alibonyeza kitufe cha joto, na papo hapo injini ikaamka ikanguruma pale nje, mbele ya jirani yake fundi cherehani. Alidhani kuna kitu kimekatika. Akarudi ndani, akafungua kitabu cha maelekezo kwa mara ya kwanza, akakuta imeandikwa wazi kabisa: gari la aina yake halina hita ya umeme. Joto la ndani linatoka kwenye maji yanayozunguka injini, kwa hiyo anayetaka joto lazima injini iwake, betri ijae isijae. Muuzaji hakumdanganya. Yeye ndiye hakuuliza, maana siku ile alikuwa anashughulika kupigwa picha akiwa ameegemea boneti.

Mtu mwenye akili timamu angewasha hita, akachoma petroli kidogo, maisha yakaendelea. Bwana Chaji alikuwa ameshamtangazia fundi cherehani na kliniki nzima kwamba msimu wote wa baridi utapita injini haijaamka tena. Basi akajikaza kisabuni. Aliendesha na glavu, na skafu imemzunguka mpaka masikioni. Kioo cha mbele kikipata ukungu, hakuthubutu kubonyeza kitufe cha kukikausha, kwa kuwa nacho kinaamsha injini. Alikifuta kwa vile vitambaa vidogo vya miwani ambavyo kliniki huwapa wagonjwa bure, na alikuwa na rundo lake pale pembeni ya usukani.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja, amevaa koti juu ya koti, "maziwa yangekaa humu wiki nzima yasiharibike."

Alicheka, meno yakigongana.

Kitu kimoja kilimpa nafuu. Viti viwili vya mbele vilikuwa na nyaya ndani zinazopasha kwa umeme wa betri, bila kuigusa injini. Nyuma hakukuwa na kitu.

Sasa, mama yake mkewe alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo. Alibaki peke yake katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, na watoto wake wawili walikuwa wakimgombania: kaka mtu katika mji mwingine, na binti, yaani mke wa mpima macho. Mama akasema atakuja kwanza aone, ndipo aamue.

"Ninakuomba kitu kimoja tu," mkewe alimwambia asubuhi ya siku ya kumpokea, amesimama mlangoni na foronya mkononi. "Mpokee vizuri. Nataka abaki. Kwa kaka ataishi na televisheni, kule hakuna anayeshinda nyumbani. Nina hamu kubwa na mama yangu, usinione hivi."

"Niachie mimi," akasema mpima macho, akaenda zake amevimba kichwa.

Kituo cha mabasi kilikuwa na upepo wa kukata. Mama mkwe alishuka na begi moja na mfuko wa nguo, amejifunga shali nyepesi. Mpima macho alimwamkia, akaitikiwa, akapokea begi, kisha akafungua mlango wa mbele kwa mbwembwe.

"Hapana, mwanangu," akasema mama. "Mimi na mkwe wangu tubanane huko mbele? Nitakaa nyuma."

Akaingia nyuma.

Mpima macho alibaki ameshika mlango ulio wazi. Ilibidi amwambie kwamba kiti cha mbele kinapasha. Lakini kinapasha nini? Aliyapitia maneno yote anayoyajua, na hakuna hata moja ambalo mtu mwenye adabu zake anaweza kumtamkia mama mkwe. Akiwa kliniki alitaja kila kiungo bila kupepesa, sasa ulimi umekufa ganzi.

"Mama, huku mbele kuna... mandhari," akasema.

"Mandhari nitayaona hata huku."

Wakaondoka, kimya, kwa betri. Yeye chini yake kulikuwa na joto tamu, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo alivyozidi kujiona mwizi. Kwenye kioo cha kati aliona pumzi za mama mkwe zikitoka kama moshi wa birika. Mama alikumbatia mfuko wake wa nguo, mikono ameificha kwapani.

"Kuna baridi, mama?"

"Aa, sina baridi, mwanangu. Endesha tu."

Alikuwa anadanganya kwa heshima, na mpima macho alijua, na kwa heshima akakubali kudanganywa. Kitufe cha hita kilikuwa hatua fupi tu kutoka kwenye kidole chake. Akachukua kitambaa cha miwani akafuta kioo. Kikajaa ukungu tena, akachukua kingine.

"Gari lina tatizo?" mama akauliza taratibu.

Hapa ndipo alipojimaliza mwenyewe. Badala ya kusema hapana akanyamaza, alijibu kwa sauti ya mtu anayesubiri kupigiwa makofi: "Halina tatizo hata kidogo, mama. Tunabana matumizi tu."

Mama mkwe aliivuta shali yake shingoni. Halafu akasema, "Poleni sana, wanangu." Mpima macho akamshukuru, akidhani anapewa pole ya hali ya hewa.

Nyumbani mkewe alimkumbatia mama yake akashtuka jinsi alivyokuwa wa baridi. Alimkalisha, akampa chai, akamwonyesha chumba alichomwandalia, kitanda kimetandikwa shuka jipya na dirisha linaangalia barabara. Mama alisifu kila kitu. Walipomaliza kula akaweka kijiko chini.

"Nimefurahi kuwaona," akasema. "Nitalala hapa siku chache, halafu nitaenda kwa kaka yako."

Uso wa binti ukasawajika. "Mama! Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Ila nimeona hali yenu, na si aibu, kila mtu hupitia. Watu wakifika mahali wanabana hata joto, hawahitaji mtu mwingine wa kulisha. Mkwe wangu ni muungwana, ameniambia ukweli."

Mkewe akamgeukia mpima macho polepole, na kugeuka kule kuliogopesha kuliko ukelele.

"Ulimleta mama yangu bila hita?"

Uongo ulimjia haraka, umepangwa vizuri: aseme hita imeharibika. Ungemwokoa. Lakini hita mbovu isiyotengenezwa ingekuwa ushahidi mwingine wa ufukara, na mama angefunga begi lake usiku uleule. Alimtazama mkewe, akaona machozi yameshafika ukingoni, akaona haya mpaka nyayoni.

"Mama, hatuna shida yoyote," akasema. "Hita ni nzima. Nikiiwasha injini inaamka, na mimi nimejigamba kwa mji mzima kwamba haitaamka. Ni hilo tu. Nimekugandisha kwa ajili ya domo langu."

Mama mkwe alimkazia macho kama mtu anayesoma herufi za mwisho kabisa kwenye ule ubao wa kliniki.

"Nionyeshe," akasema.

Wakatoka wote watatu. Mama akaingia nyuma, binti yake pembeni yake. Mpima macho alikaa kwenye usukani, akavua glavu, akabonyeza. Injini ikanguruma. Ng'ambo ya barabara dirisha la fundi cherehani likafunguka kwa kasi ya ajabu.

"Bwana Chaji! Mbona leo kama lori?"

"Nimeshindwa, jirani!" akajibu. "Watangazie!"

Fundi cherehani akacheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Mpima macho alingoja aibu imuue. Haikumuua. Hewa ya vuguvugu ilianza kutoka, kisha ya moto, na ukungu wa kioo ukajiondokea wenyewe.

"Kwa hiyo ni majivuno," akasema mama nyuma.

"Majivuno matupu, mama."

"Marehemu alinunua koti la sufu," mama akasema, sauti imeshuka. "Zuri sana. Akasema analitunza lisichakae. Kila baridi ikija namwambia, livae, baba. Ananiambia bado. Amekwenda, na koti liko kabatini na karatasi yake ya dukani. Nikilitazama nashikwa na hasira, halafu nalia." Alinyoosha viganja kuelekea joto. "Nilidhani nimekuja kwa watu wasio nacho, nikawaonea huruma. Kumbe nimekuja kwa mwingine kama yule. Huyu simwachi. Nitakaa hapahapa."

Mkewe aliangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamlalia mama yake begani. Mpima macho akajikohoza, na bila kufikiri, kwa mazoea tu, akapeleka kidole kwenye kitufe azime.

"Wewe," akasema mama mkwe. "Acha hapo. Miguu bado."