Sauti ya Tulia Kwenye Disketi

Tangu Tulia afanyiwe upasuaji wa rovu, nyumba yao ya Kisondela ilikuwa na ukimya ambao mumewe, Anyitike, hakuuzoea. Tulia mwenyewe alikuwa mzima, analima, anacheka. Ila mshipa unaoendesha koo uliguswa, jambo ambalo daktari alikuwa amewaonya mapema, na ile sauti iliyoongoza kwaya ya kanisa kwa miaka kumi na minane ikabaki kukwaruza tu. Mazoezini bado alikwenda. Alikaa na daftari lake la nyimbo, akifungua mdomo pamoja na wenzake bila kutoa kitu.

Anyitike ndiye aliyekuwa mpiga kinanda. Siku moja ya mvua, akitafuta waya kwenye sanduku la vifaa, alikuta disketi yenye maandishi ya mkono wake mwenyewe: TULIA AA. Akakaa chini.

Wakati ule walikuwa hawajaoana. Kinanda kilikuwa kimefika kanisani kikiwa kimeshatumika kwingine, na kiliweza kunasa sauti yoyote kwa maikrofoni na kuitoa tena ukibonyeza vibao vyake. Anyitike alimwomba Tulia, wakati huo msichana wa sauti ya kwanza, aimbe “aa” moja ndefu, akaisambaza kwenye vibao vyote. Vya juu vikalia kama kitoto kichanga, vya chini vikanguruma kama mzee mwenye mafua. Tulia alicheka hadi akashika ukuta. Ikabidi aimbe noti nne tofauti, kila moja ipewe vibao vyake vichache. Kisha wakazihifadhi kwenye disketi, maana kinanda kile ukikizima husahau kila ulichokiingiza.

Mlango wa disketi ulikuwa umekufa miaka mingi. Kesho yake Anyitike alikivingirisha kinanda kwenye blanketi, akakifunga nyuma ya bodaboda, akaenda nacho Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwa Sadick fundi redio.

“Kinanda hakinisumbui,” Sadick alisema. “Nitang’oa huu mlango, niweke kifaa kinachopokea flashi. Ila disketi, kaka, sikuahidi. Kwa mvua zetu hizi, humu ndani huwa mnaota ukungu.”

“Jaribu tu. Ni sauti ya mke wangu.”

Sadick akavuta kiti. Aliifungua disketi, akaupangusa ule utepe wa mviringo kwa pamba yenye spiriti, akiuzungusha kidogokidogo, kisha akaisoma kwa kompyuta. Ilikwama, ikarudia, ikakwama tena. Saa ya adhuhuri ilipofika alikwenda kuswali, akarudi, akaendelea. Alasiri noti zote nne zilikuwa kwenye flashi, pamoja na sauti za tarumbeta ambazo Anyitike alikuwa amezihifadhi humohumo.

Anyitike hakumwambia mkewe. Jumamosi, kwaya ilipokusanyika, alichomeka flashi, akangoja dakika nzima kinanda kimeze sauti zile, kisha akaanza wimbo. Kanisa likajaa sauti ya Tulia, ile ya zamani, nyororo. Watu walipiga makofi. Mwalimu wa kwaya alifuta macho.

Anyitike alipoinua kichwa, Tulia hakuwepo.

Alimkuta nje, amesimama chini ya upenu, akitazama mvua ikipiga migomba.

“Kwa nini hukuniambia, Baba Ikupa?”

“Nilitaka kukufurahisha.”

“Walinipigia makofi,” Tulia alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. “Na mimi nilikuwa nimekaa palepale. Hakuna aliyegeuka kunitazama.”

Anyitike alihisi uso ukiwaka. Kumbe hata yeye hakugeuka. Macho yake yote yalikuwa kwenye vibao.

“Nisamehe,” alisema. “Nitaifuta leo hii.”

“Sikusema uifute. Mzuri yule msichana, nilimsahau.” Akageukia mlango wa kanisa. “Ile maikrofoni bado inafanya kazi?”

“Inafanya.”

“Basi ninase nilivyo sasa.”

Walingoja wenzao waondoke. Tulia alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Mara ya kwanza pumzi ilimkatikia njiani. Ya pili alikohoa. Ya tatu ikatoka “aa” nzito, yenye kokoto ndani yake, ikatetemeka lakini ikafika mwisho. Kinanda kikaandika kwamba nafasi imejaa.

“Nitapunguza moja ya zile za zamani,” Anyitike alisema.

“Acha. Toa tarumbeta. Tangu lini nimezipenda tarumbeta zako?”

Akazitoa. Akapanga sauti mbili kwenye vibao vilevile, ya msichana juu ya ya mama, ili kibao kimoja kikibonyezwa zitoke pamoja. Kisha akasogea, Tulia akakaa kwenye kiti chake na kubonyeza kwa kidole kimoja. Sauti mbili zikatoka, moja imeiegemea nyingine. Alibonyeza tena, na tena, huku machozi yakimtiririka naye wala hayafuti. Anyitike alimwekea mkono begani, na safari hii alimtazama yeye.

“Ndaga,” Tulia alisema, akimshukuru kwa lugha ya nyumbani.

Jumapili ile aliimba kwa mdomo wake, chinichini, noti chache alizoziweza. Mwezi uliofuata alimwomba mwalimu wa kwaya ruhusa ya kusimama na wanaume wa sauti ya tatu. Mwalimu alimsikiliza mara mbili, akawaambia wanaume wasogee wampishe.