Fomu ya Chumba

Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, Sista alichemsha maji nami nikatandika vitanda vyetu viwili. Majani ya chai aliyapima kwa kifuniko cha chupa ya dawa. Tulikunywa tumesimama, yeye dirishani, mimi mlangoni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na hakuna aliyekubali kukikalia mwenzake akiwa wima. Mpaka leo chai ya kukaa naiona haina ladha.

Siku moja mlango uligongwa maji hayajachemka. Alikuwa matroni wa hosteli, fomu mkononi. Jengo jipya limekwisha, akatueleza, na wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya tiba ndio watakaotangulia kuchagua: chumba cha peke yako kule, au kubaki huku wawili wawili. Fomu azikute mezani kwake saa saba mchana. Atakayechelewa asije kumlilia.

Sista hakuwa dada yangu wa damu. Alikuwa muuguzi miaka kumi na miwili kabla ya kurudi darasani. Wodini walimwita hivyo, na jina likamfuata hadi chuoni. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza shahada ya kwanza, mwoga wa watu, wa kuomba hata chumvi kwa ishara. Ratiba yetu aliibandika ukutani kwa mwandiko wake: maabara saa kumi na mbili na nusu, darasa saa mbili, maabara tena mchana, maktaba jioni. Wiki niliyoumwa alinisomea sura nzima ya figo nikiwa nimefumba macho, akinikatizia kwa maswali, taratibu, kama anayemlisha mtoto.

Asubuhi hiyo aliitazama fomu yake muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mimi nitafurahi huko, nitasoma bila mtu wa kunikoromea. Nikacheka. Nikamjibu kwamba naye atapumzika na taa yangu. Moyo ulikuwa umenishuka hadi kwenye kandambili, lakini ningemwambiaje mtu mzima asitake utulivu wake?

Nikatangulia maabara. Tulikuwa tukifuga seli za utafiti katika kabati la joto, kila mtu zake, na seli hazijui Jumapili wala majonzi. Zisipobadilishiwa chakula hufa. Nilizilisha zangu, kisha nikazilisha na za Sista, nimpunguzie kazi, na daftarini sikuandika neno.

Saa sita fundi wa maabara alituita wote wawili. Alikuwa ameinua chupa ya chakula cha seli, ile iliyopaswa kutufikisha Ijumaa. Ilikuwa tupu.

"Nani kala?" akauliza.

Nikakiri kwa sauti ya mbu. Sista akaguna, naye akakiri: alipofika baada yangu alizilisha zake, kisha na zangu, naye hakuandika.

"Basi zimelishwa mara mbili asubuhi moja," fundi akasema. "Zikivimbiwa mtazipeleka nyinyi hospitali. Hivi nyumba moja mnalala, mnashindwaje kuambiana?"

Sista alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la koti jeupe. Mimi nilishindwa. Swali la fundi niliondoka nalo.

Tulikwenda kwa matroni. Ilibaki robo saa. Sista aliiweka fomu yake mezani, na kabla hajaifunika kwa kiganja nikaona alama: chumba cha peke yake. Yangu ilikuwa na alama pale pale. Nilikuwa nimeiweka nikiwa darasani, kwa ajili yake.

Matroni akaninyooshea mkono. "Lete, mwanangu, nikale."

Sikuitoa. Sista akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama naumwa.

"Siumwi," nikasema. Sauti ilitoka, kubwa kuliko nilivyoizoea, hata karani wa chumba cha pili akainua kichwa. "Sitaki chumba cha peke yangu, Sista. Niliweka alama kwa sababu nilidhani umenichoka. Nataka nibaki na wewe. Ukorome, usikorome, nataka nibaki na wewe."