Nimesimama

Kila Jumapili, kabla ya ibada ya saa tatu, kazi yangu ni pasi. Mama hutandika blanketi kuukuu mezani, mimi natia makaa, napuliza, nasubiri chuma kishike moto, kisha nanyosha kitambaa chake cheupe cha kanisani. Asubuhi ile ya mwaka 1987 nilikuwa nimefika kwenye pindo wakati pikapu ilipofunga breki nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela. Majirani wakachungulia. Gari la kampuni halikuwahi kuja mlangoni kwetu.

Alikuwa Matheka, dereva wa kazini, ambaye kila siku hulichezea jina langu, Wangu, kwa swali lile lile, "Wangu wa nani leo?" nami kila siku nakosa la kumjibu. Siku hiyo hakuuliza.

"Vaa viatu," alisema. "Chumba baridi kimepata joto. Mdosi amewaka, na mzee Kiilu wa zamu ya jana wameshamleta."

Nilimwuliza kama kengele ililia. Akasema askari wa lango hawakusikia kitu usiku kucha. Mama akaniondolea pasi mkononi, maana kitambaa kilikuwa kimeanza kutoa moshi.

Kengele ile ilikuwa kazi ya Mlinzi, na Mlinzi ni mimi niliyemwandika. Si mtu. Ni programu inayokaa nyuma ya nyingine zote ndani ya kompyuta ya bohari yetu ya dawa, kule Indastria, kwenye viwanda. Haina skrini yake, na wengi wa ofisini hawajui kama ipo. Kila baada ya dakika tano Mlinzi husoma vipimajoto vya chumba baridi, na joto likipanda hupiga kengele langoni. Mtu wa zamu hamgusi moja kwa moja. Huandika amri, mfumo unaoendesha mashine huipokea na kumfikishia, naye lazima ajibu upesi yuko katika hali gani. Akinyamaza nusu dakika, mfumo humhesabu kuwa amekufa.

Hiyo sehemu ya kupokea amri na kujibu ilinichukua miezi mitatu, ya kwanza tangu nitoke chuoni. Bwana Mulama, mkuu wa idara na ndiye mdosi wa Matheka, alitaka amri ziwe za Kiswahili ili kila mtu wa zamu azielewe. Nikachagua maneno manne: ANZA, PUMZIKA, ENDELEA, SIMAMA. Na majibu yake: NIMEANZA, NIMEPUMZIKA, NAENDELEA, NIMESIMAMA. Bwana Mulama aliyasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama sakafu, lakini mchana huo sikuweza kula kwa furaha.

Sasa nilikuwa ndani ya pikapu. Tulipita Makongeni, watu wa reli wakielekea kanisani na watoto wao waliopakwa mafuta hadi magotini. Nilikuwa nikipitia programu yangu kichwani, mstari kwa mstari, nikitafuta alipofia. Matheka aliniambia kilichojulikana: mashine ya kupoza ilizimika Jumamosi jioni, na askari wa zamu ya asubuhi ndiye aliyeona mshale wa kipimajoto cha mlangoni umepita nyuzi kumi na moja. Ndani kulikuwa na chanjo ya surua ya watoto wa Dandora na Mowlem. Makasha arobaini, yote ya kutupwa.

"Wanasema mzee alilala kazini," aliongeza. "Hapo hakuna kubembeleza. Ni kufutwa."

Mzee Kiilu alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa karani wa stoo, akajifunza kompyuta kwa kidole kimoja, na alipofaulu mtihani wa ndani alituletea mahindi ya kuchoma ya ofisi nzima. Yeye huniita Wangu wangu. Nilipokuwa mgeni, nikila peke yangu nyuma ya kabati la faili, ndiye aliyevuta kiti akakaa karibu, akala chakula chake kimya ili nisione haya.

Nilimkuta ameketi nje ya chumba cha kompyuta, kofia magotini. Nilimwamkia. Alisema marahaba, kisha akatazama kofia.

Niliingia, nikakunjua karatasi ya mashine inayochapa kila amri na kila jibu. Nilitarajia kuona mahali Mlinzi alipoacha kujibu. Hapakuwapo. Alikuwa amejibu kila kitu.

Jumamosi, saa sita na dakika arobaini mchana, fundi alipokuja kusafisha nyaya za vipimajoto: PUMZIKA. Mlinzi akajibu: NIMEPUMZIKA. Ndivyo inavyotakiwa. Saa saba na robo, fundi alipomaliza na ENDELEA ndiyo iliyohitajika: SIMAMA. Mlinzi akajibu: NIMESIMAMA.

Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Nililisoma lile jibu mara nyingi. Mzee Kiilu ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili, waumini wakiwa wamepiga magoti, yeye ndiye husema "Tusimame," na watu huinuka. Mlinzi alikuwa amepumzika. Mzee alimwambia ainuke, naye akajibu kwamba ameinuka. Mtu yeyote angevaa koti aende nyumbani.

Kisha nikakumbuka. Mwezi wa tatu, kwenye korido, nikiwa nimebeba mafaili hadi kidevuni, aliniuliza: "Akishapumzika, halafu anasimama, sivyo?" Mimi nilimwelewa kwamba anauliza kama anaweza kumzima Mlinzi akiwa amepumzishwa. Inawezekana. Pia niliona haya kumrudisha nyuma mtu wa rika la baba yangu nimwulize ana maana gani. Nikamjibu, "Ndio, mzee." Akashukuru akaenda zake.

Nilitoka na ile karatasi. Nikamkumbusha habari za korido, kwa sauti ya chini. Hakushangaa. Alikuwa anakumbuka tangu asubuhi.

"Nyamaza, Wangu wangu," alisema. "Mimi niko karibu kumaliza. Wewe ndio unaanza, na wanatafuta mtu mmoja tu."

Nikamwuliza, na karo ya kijana wake wa sekondari je? Aliigeuza kofia akaanza kuikagua kwa ndani, kama aliyepoteza kitu humo.

Bwana Mulama alituita ofisini kwake. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, na ilionekana hakufika. Matheka alisimama mlangoni na ufunguo wa gari, mimi na mzee tukaketi. Bwana Mulama alimwuliza mzee kama alikuwa amelewa, kama alikuwa na haraka ya kwenda mpirani, kama anajua surua humfanya nini mtoto. Mzee alijibu kwamba anajua, alizika mmoja. Hapo Bwana Mulama akashusha sauti, lakini akavuta karatasi ya ripoti karibu naye. Alisema kuna amri nne tu, zimebandikwa ukutani, za lugha ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua. Alinionyesha kwa kalamu, akamwambia mzee kwamba msichana huyu alijitahidi kurahisisha kazi na haya ndiyo malipo yake.

Sifa ile ilinichoma. Nilitaka kusema ukweli. Nilianza kuhesabu bila kupenda, kama mfumo unavyomhesabia Mlinzi: moja, mbili, tatu. Nilifika kumi na nane.

"Naandika leo leo," Bwana Mulama alisema. "Kwa mara ya mwisho. Uzembe huu ni wa nani?"

Mzee Kiilu akavuta pumzi ili ajibu.

"Ni wangu," nilisema.

Bwana Mulama hakuinua macho. "Jina lako nalijua. Sikuuliza wewe ni nani. Nimeuliza uzembe ni wa nani."

Nyuma yangu Matheka alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nikajikuta nimesimama, karatasi ya mashine mkononi.

"Ni wangu, bwana. Uzembe ni wangu mimi. Mzee aliniuliza, nami nikamjibu ndio bila kumsikiliza, kwa sababu niliona haya. Hapa alimwambia Mlinzi ainuke arudi kazini. Ni mimi niliyemfundisha Mlinzi kwamba kusimama ni kuacha, na mzee hakuna aliyemwambia."