Msiba Uko Queensbury

"Usimwage!" Rajesh alipiga kelele kutoka mlango wa stoo, lakini birika lilikuwa limeshainama.

Maji ya moto yalitiririka kwenye ukingo wa juu wa karavani, mvuke ukapanda, barafu iliyoshika mipira ya kuziba kingo ikaanza kulegea. Restuta alikuwa amesimama juu ya kreti mbili za soda, kanga juu ya koti, koti juu ya sweta, macho yamevimba kwa kulia. Hakugeuka.

"Dada, nilikuambia. Baridi kama hii slaidi haifunguliwi. Iache ndani mpaka barafu iishe."

"Mpaka iishe lini, Rajeshbhai? Mama yangu anazikwa leo."

Rajesh akaja akamshikia kreti. Alizaliwa Moshi, akafika London kijana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinapiga kazi. Karavani ilikuwa yake, ya Kimarekani, ndefu kupita kiasi. Aliinunua ili amtembeze mkewe, mkewe akafariki kabla hawajafika hata Brighton, na tangu hapo ilikaa uani nyuma ya duka lake la vigae, Kingsbury Road. Restuta ndiye aliyepanga humo. Ubavu mmoja wa karavani ile ulitoka nje kama droo: unabonyeza swichi, ukuta mzima unasogea uani pamoja na sofa na dirisha lake, na palipokuwa na kichochoro panakuwa sebule. Hiyo ndiyo slaidi. Kiangazi ungeweza kucheza harusi mle ndani. Lakini baridi ikija slaidi inarudishwa, sofa inakuja kugusana na jiko, na Restuta, ambaye Mungu hakumnyima mwili, alipita ubavu ubavu kutoka kitandani kwenda chooni mpaka Machi.

Sasa leo aingize wapi watu? Maana kwetu mtu akifiwa, hatuanzi kuuliza marehemu aliumwa nini. Tunauliza msiba uko wapi. Ukishaambiwa ulipo, unaenda, unavua viatu, unakaa chini kwenye mkeka na mfiwa, mnalia, mnaimba, mnakula, mnasengenya kidogo, na siku inapita. Restuta alikuwa amekwenda kwenye misiba yote ya Watanzania wa kaskazini ya London, hakuacha hata mmoja. Ya Wahaya, ya Wapare, hata ya watu asiowajua sura. Lakini kwake hajawahi kumkaribisha mtu. Wakimuuliza anakaa wapi, anasema, "Kingsbury, kwa Wahindi kule," kisha anaulizia habari za watoto wao.

Kwenda kuzika hakuweza. Makaratasi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa, akitoka, harudi. Hilo alilimeza. Alfajiri dada yake Elieth alimpigia kutoka kijijini kwao Kamachumu, nyuma yake watu wanaimba.

"Restu, huko London msiba umeuweka wapi?"

"Kwangu."

"Asante Mungu. Watu wakishakaa, tupigie picha. Baba anasema anataka aone mama ameliliwa na huko."

Kwangu! Lilimtoka kinywani kabla hajafikiri, na lilipotoka akaona hataki kulirudisha. Mama yake ataliliwa chini ya paa lake yeye, si la mtu mwingine. Akaandika kwenye grupu la WhatsApp: msiba uko nyumbani kwangu, nyuma ya duka la vigae, karibuni. Ndipo akabandika maji jikoni.

Birika la tano lilipoisha, akaingia ndani akabonyeza swichi. Mota ikaguna. Kitu kikapasuka juu, kaa! na ubavu wa karavani ukaanza kwenda, polepole, ukitetemeka, mpaka ukafika mwisho. Restuta akasimama katikati ya sebule yake akanyoosha mikono yote miwili. Haikugusa kitu.

Alifanya kazi kama watu watatu. Akafagia, akatandika mikeka miwili na godoro, akaweka picha ya mama yake dirishani na mshumaa mbele yake. Akainjika chai ya maziwa ya tangawizi. Rajesh alileta hita mbili za dukani na viti vya plastiki, kisha, bila kuambiwa, akavua viatu akaketi chini, magoti yakilia.

"Pole sana, dada. Mama ni mama."

"Asante, Rajeshbhai. Wewe ndiye wa kwanza."

Mchana waliingia Nancy, mwenyekiti wa akina mama, na Humphrey, mhasibu mwenye nyumba yake Queensbury, ambaye kila shughuli lazima ashike kipaza sauti. Nancy alimkumbatia Restuta palepale mlangoni na akalia kweli, tusimwonee. Machozi yake yalikuwa ya haki. Ila alipomaliza kulia alianza kutazama. Akatazama dari. Akatazama ukuta uliotoka nje, mpira wake umefanya ukoko wa barafu. Akatazama sakafu chini ya buti zake, ambazo hakuzivua.

"Pazuri," alisema.

"Karibuni mkae. Chai iko tayari."

"Hatukai, mpenzi. Tunakwenda kuchukua sufuria na wale wamama wa Edgware Road. Si ndiyo, Humphrey?"

"Kabisa," alisema Humphrey, naye alikuwa anagonga ukuta kwa vidole kama anayekagua gari la mtumba. "Hii ni fiberglass?"

Wakaondoka. Restuta akaketi kwenye godoro, miguu ameinyoosha, kanga begani, kama mfiwa anavyopaswa kuketi. Akangoja. Hita zilijitahidi, lakini baridi ya kule chini ya slaidi ilipanda kwa kasi kuliko joto lake, na mvuke wa chai uligeuka maji kwenye kioo, maji yakaganda. Rajesh akaenda dukani akarudi. Nje wingu lilishuka, theluji ikaanza tena. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya ajitengeneze kanga. Saa hiyo Kamachumu walikuwa wameshafukia, mama yuko kaburini mgombani, na Elieth alikuwa ameandika neno moja: "Picha?"

Chini ya neno hilo ukaingia ujumbe wa grupu, umetoka kwa Humphrey. *Ndugu wapendwa, msiba wa mama mzazi wa dada yetu Restuta uko nyumbani kwangu Queensbury. Parking ipo. Karibuni tumfariji.*

Alisoma, akasoma tena. Akampigia Nancy.

"Da Restu, usinielewe vibaya. Tumekuonea huruma tu. Pale watu wasingeenea, na wazee na baridi ile... Watu wameshafika huku, nyumba imejaa. Unasubiriwa wewe."

"Mngeniuliza, Nancy."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa unaona? Haya, njoo, mpenzi."

Alikata simu. Alikuwa na hasira mpaka meno yaligongana, na hasira ile hakuwa na wa kumpa, maana wote walikuwa wema. Ndiyo ubaya wake. Mtu mbaya ungemtukana ukapata nafuu.

"Turudishe slaidi kabla theluji haijalala," Rajesh alisema taratibu. "Halafu nitakupeleka."

Restuta akabonyeza swichi. Maji yote aliyoyamwaga asubuhi yalikuwa yameshuka kwenye reli na nyuma ya mipira, yakaganda humo upya, magumu kuliko mwanzo. Mota ikalia. Upande mmoja ukaja, mwingine ukabaki, chumba kizima kikapinda, na mpira wa juu ukachanika kuanzia kona hadi kona. Hapakuwa na kishindo. Palionekana tu mstari wa anga ya kijivu juu ya sofa, na theluji ikaingia hapo, ikaangukia mkeka.

"Acha, dada. Utavunja yote."

"Kimebaki nini cha kuvunja?"

Rajesh alitundika turubai na kusema fundi hapatikani mpaka wiki ijayo. Hakusema nilikuambia. Restuta akazima mshumaa, akaifunga picha ya mama yake ndani ya kanga, akapanda gari.

Queensbury viatu vilikuwa vimejaa mpaka njia ya kwenda getini. Ndani joto, harufu ya pilau, akina mama wamekaa chini kwenye zulia, migongo yao kwake, wanaimba, na Humphrey amesimama karibu na televisheni ameshika kipaza sauti. Restuta alisimama koridoni. Hakuna aliyegeuka. Picha ilikuwa kifuani mwake, na hakuona ukutani kwa Humphrey mahali ambapo angeiweka. Miguu yake, iliyozoea misiba ya watu, ikampeleka yenyewe jikoni.

Kule alikuwepo mwanamke, shemeji wa Humphrey, aliyekuja kutembea kutoka Mwanza, amezidiwa, kucha amezipaka rangi mpya.

"Afadhali umekuja, dada! Nisaidie na hivi vitunguu."

Restuta akaweka kanga yenye picha juu ya friji, akakunja mikono ya sweta, akachukua kisu. Alikata vyembamba, vya haraka, bila kutazama. Sebuleni wimbo uliisha, ukaanzishwa mwingine.

"Hivi mfiwa mwenyewe ameshafika?" yule mgeni aliuliza, akifunika sufuria. "Maana tangu mchana naambiwa anakuja, anakuja."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Restuta hadi kidevuni, na jikoni kwenye vitunguu nani angemuuliza.

"Bado," alisema. "Nasikia yuko njiani."

Akachukua kitunguu kingine.