Punje Hamsini kwa Namba Moja

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Mzee Anselim alipita mbele ya kibaraza chako na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, nawe ukainama ukajifanya unachambua mchele. Mimi nakumbuka kila aliyeinama.

Miaka kumi na minne amesoma ubao wa kipimo cha maji pale mtoni, asubuhi na jioni. Mafuriko ya Aprili hii ya tisini na nane yalipofika kilele, aliandika sentimita 576. Mradi wa maji uliomwajiri nao ulikuwa umefunga mashine ya kupima mto, yenye chipu inayotunza namba hata umeme ukikatika. Mashine ikasema 512. Waliisoma mara moja tu, wakamwita mpika namba, wakamwachisha kazi.

Wiki iliyopita wakaileta kwangu mashine hiyohiyo, mimi fundi redio nisiye na cheti, nibadilishe betri. Nikaitafuta namba ya siku ile: 512. Nikabonyeza tena: 576.

Nikamwita mzee. Alikuja na mkewe, Mama Deus.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mama, rozari unayo?"

"Marahaba. Fundi, wewe mara ya mwisho kanisani uliingia umebebwa."

"Ya kuhesabia, mama. Nikibonyeza, sogeza punje moja."

Nikabonyeza. Mzee akawa anachora mstari daftarini, upande wa namba iliyotokea. 576. 512. 512. 576. Hakuna mpangilio, kama redio inayokwaruza. Namba za siku nyingine hazikuyumba. Chembe moja tu ndani ya chipu imechoka, ile inayobeba hizo sentimita 64: sasa hivi inakumbuka, punde imesahau.

Punje hamsini. 576 mara thelathini na tatu, 512 mara kumi na saba. Sisemi tupige kura. Nasema shahidi anayebadili maneno hawezi kumfukuzisha kazi mtu aliyesema neno moja tangu mwanzo.

Mzee akaweka kalamu chini. Mama Deus akamshika mkono, akamfuta wino kidoleni kwa ncha ya kitenge.

"Mimi sikuhitaji mashine, Baba Deus. Siku ile shati lako lilirudi na tope mpaka kwapani. Nililifua mimi."

"Mbona hukusema?"

"Nani alimuuliza mfuaji?"

Mzee akacheka mpaka machozi, na hakuuachia ule mkono.

Ijumaa saa nne wanakuja kuichukua, waifute chipu chini ya taa yao ya kufutia kumbukumbu, ikatumike kwingine. Ikishafutwa, Mzee Anselim atazikwa na jina la mwongo. Leo ni Jumatano. Weka chini huo ungo. Njoo kibandani kwangu ubonyeze mwenyewe, rozari Mama Deus atakupa. Ukifika punje ya hamsini, tia sahihi chini ya mistari yako, uwe shahidi. Usingoje kesho. Inuka, njoo.